Utani, kejeli na posa: Waislamu tuicheke vipi filamu ya Bwana Verneuil?

Leo ninaomba tuzungumze juu ya kicheko. Si kicheko chochote, bali kile ambacho mtu humcheka mwenzake kwa dini yake, rangi yake au asili yake, kisha akasema, "Natania tu bwana, usichukie." Mfano nitakaoutumia ni filamu moja ya Kifaransa iliyotoka Aprili 2014, inayoitwa Qu'est-ce qu'on a fait au Bon Dieu?, jina ambalo kwa Kiswahili ni kama kusema "Tumemkosea nini Mungu?" Aliyeiongoza ni Philippe de Chauveron. Ufaransa peke yake iliuza tiketi zaidi ya milioni 12, katika nchi iliyokuwa na watu wapatao milioni 66. Ujerumani nako walioingia majumba ya sinema kuitazama walipita milioni 3.

Najua wapo watakaouliza gazeti la Waislamu lina nini na sinema. Sifanyi tangazo. Katika filamu hiyo umo mvinyo, zimo na nguo ambazo sitaki binti yangu aziige. Lakini vijana wetu wanaitazama, wazee wanaitazama nyuma ya mabega ya vijana, na wote wanatofautiana baada ya kuitazama. Mmoja anasema amecheka mpaka machozi, mwingine anasema Waislamu wametukanwa. Mwalimu anayekaa kimya mahali kama hapo hatakuwa ameilinda dini. Atakuwa amewaachia wengine kazi ya kufundisha.

Hadithi yenyewe ni hii. Bwana Claude Verneuil na mkewe Marie ni Wakatoliki wa tabaka la juu, wanaishi Chinon, mji mdogo wa zamani. Mume kazi yake ni ya kuthibitisha hati na mikataba, na mapenzi yake makubwa ni kwa Jenerali de Gaulle. Wana mabinti wanne. Wa kwanza ameolewa na Rachid, Muislamu mwenye asili ya Algeria, mwanasheria. Wa pili ameolewa na David, Myahudi. Wa tatu ameolewa na Chao, mwenye asili ya China. Wakwe hao watatu hawapatani wenyewe kwa wenyewe, na hawapatani na baba mkwe. Kila mkutano wa familia ni vita ya maneno, hata siku ya sherehe ya tohara ya mtoto wa yule Myahudi chakula kinaishia kwenye ugomvi. Tumaini la wazee limebaki kwa binti wa nne, Laure. Naye anawaambia amepata mchumba, anaitwa Charles, na ni Mkatoliki. Wazee wanamshukuru Mungu. Hata jina ni la Jenerali! Kisha Charles anaingia, na ni mtu mweusi kutoka Ivory Coast.

Hapo ukumbi mzima ulicheka. Na hapo ndipo watu walipogawanyika.

Wapo waliosema, na nadhani ndio waliokuwa wengi, kwamba filamu haina chuki kwa sababu inamcheka kila mtu sawasawa. Mzungu anachekwa kwa ubaguzi wake, Muislamu, Myahudi na Mchina kila mmoja anachekwa kwa ubaguzi wake dhidi ya wengine, na baba yake Charles, Mzee André Koffi, ana chuki na weupe inayolingana na ya Bwana Verneuil na weusi. Wapo waliosema kinyume, kwamba filamu inawapa watu ruhusa ya kurudia maneno ya kibaguzi kwa kuyavika nguo ya mzaha. Wahakiki wa Ufaransa walivutana juu ya hilo, na mwaka huohuo wa 2014 iliripotiwa kuwa wasambazaji wa Uingereza na Marekani waliogopa kuichukua, wakihofia kushutumiwa. Filamu iliyovunja rekodi Paris na Berlin ikaonekana haifai London na New York.

Sasa sisi tuipime kwa mizani gani?

Niliwahi kuitazama na watu wa nyumbani, ikiwa na tafsiri ya maandishi, nami nikiwasomea wale ambao macho hayafuati. Shangazi yangu alicheka tangu mwanzo. Mpwa wangu, kijana wa chuo, alinuna. Akasema, "Mjomba, hawa wanatucheka sisi." Shangazi akamjibu, "Wewe nawe, mbona na huyo mzungu wanamcheka? Mwache mtu atanie." Mpwa akasema, "Shikamoo shangazi, lakini mzungu yuko kwake." Tulicheka, maana shikamoo ile ilikuwa ya kuombea ruhusa ya kubisha. Lakini kijana alikuwa amegusa mahali penyewe.

Sisi watu wa pwani na bara tunaujua utani kuliko hao Wafaransa. Mzaramo na Msukuma wanataniana, Mnyamwezi naye ana watani wake, Mngoni kadhalika. Mtani anaweza kuja msibani kwako akasema maneno ambayo akiyasema mwingine damu itamwagika, na wewe unacheka huku unalia. Kwa nini? Kwanza, haki hiyo ni ya pande zote mbili. Ninakutania leo, kesho unanitania, na hakuna kati yetu aliye mwenyeji wa utani na mwingine mgeni. Pili, utani una deni. Mtani anayekucheka ndiye huyohuyo anayebeba jeneza, anayechimba, anayepika. Asiyefanya kazi msibani hana utani, ana matusi tu.

Ukiipima filamu kwa mizani hiyo utaona inafaulu sehemu na kufeli sehemu. Ni kweli kwamba kila mtu anachekwa. Lakini meza ni ya nani? Meza ni ya Bwana Verneuil, nyumba ni yake, nchi ni yake, na waliokaa mezani wanangoja kupokelewa. Walioandika filamu ni de Chauveron na Guy Laurent, nao wanamwandikia Muislamu, Myahudi na Mchina maneno ya kutukanana, kisha mzungu anakaa katikati kama hakimu aliyechoka. Kugawa mizaha sawasawa kwa watu wasio sawa hakuleti usawa. Anayeitwa "Mfaransa mbaguzi" katika mzaha anatoka sinema akiwa Mfaransa vilevile, hakuna wa kumsimamisha njiani kumdai kitambulisho. Rachid akitoka nje anakutana na nchi ambayo Machi 2004 ilipitisha sheria ya kuwazuia mabinti wa Kiislamu kuvaa hijabu katika shule za serikali, na Oktoba 2010 sheria nyingine ya kuzuia kufunika uso hadharani. Miezi tisa baada ya filamu kutoka, Januari 2015, likatokea shambulio la gazeti la Charlie Hebdo, na Waislamu wa nchi ile wakajikuta wote wanatakiwa waeleze wao ni nani.

Kuna onesho moja ambalo Wafaransa wengi wanalipenda sana. Sikukuu ya Noeli wakwe watatu wanataka kumfurahisha baba mkwe, wanasimama na kuuimba wimbo wa taifa kwa sauti kubwa. Mzee macho yanamlenga machozi. Ili ulielewe onesho hilo ni lazima ukumbuke Oktoba 6, 2001, siku Ufaransa ilipocheza na Algeria katika uwanja wa Stade de France, ambapo vijana wengi, aghalabu waliozaliwa hukohuko Ufaransa na wazazi wenye asili ya Algeria, waliuzomea wimbo huo, na baadaye wakaingia uwanjani mpaka mchezo ukavunjika. Na miaka minne baadaye, kuanzia mwishoni mwa Oktoba 2005, vitongoji viliwaka moto baada ya vijana wawili kufa Clichy-sous-Bois wakiwakimbia polisi. Kwa hiyo filamu inampa mtazamaji wa Kifaransa kitu alichokikosa kwa miaka: Mwarabu anayeimba kwa hiari, tena sebuleni kwake. Ni dawa tamu. Lakini hakuna mahali ambapo Bwana Verneuil anatakiwa aimbe chochote cha Rachid.

Vyakula vinafanyiwa utani mzuri zaidi. Mama Marie anahangaika kuandaa batamzinga wa kila namna ili kila mkwe apate anachoweza kula, wa halali kwa Rachid, wa sheria ya Kiyahudi kwa David, na wa mapishi ya Kichina kwa Chao. Nilimpenda mama yule. Mumewe anasema maneno, yeye anaingia jikoni, na katika filamu nzima yeye ndiye mtani wa kweli kwa maana yetu, kwa sababu analipa deni.

Niseme kidogo juu ya Rachid, maana hapo ndipo Muislamu ana haki ya kulalamika. Uislamu wake ni jina, nyama na hasira. Hatumwoni na jambo hata moja la dini linalomtuliza. Si kwamba ametukanwa, bali ameachwa mtupu. Mtazamaji asiyemjua Muislamu yeyote anatoka akidhani Uislamu ni kitu cha kuulizwa wakati wa chakula. Na hili haliondoki kwa kuandikwa na mtu wa ndani, kama wengine wanavyodai. Filamu ya Uingereza East is East ya mwaka 1999 iliandikwa na Ayub Khan-Din, mtoto wa baba Mpakistani na mama Muingereza, akitumia maisha ya nyumbani kwao Salford. Mle baba Muislamu, aliyeigizwa na Om Puri, ni mkali, anapiga, anawalazimisha watoto kuoa asikowauliza. Wapo Wapakistani waliojiona humo wakacheka na wapo waliosema tumedhalilishwa mbele ya wazungu. Mtu wa ndani anaijua harufu ya nyumba, lakini naye anaweza kuonesha chumba kimoja tu.

Tena fomula ya "tunamcheka kila mtu" ina hatari yake. De Chauveron mwenyewe alirudi mwaka 2017 na filamu À bras ouverts, akiwa na mwigizaji yuleyule Christian Clavier, safari hii wanaochekwa ni Waroma, na lawama zilikuwa nzito zaidi kwa sababu upande wa pili haukuwa na mtu wa kumjibu mzungu kwa kimo chake. Katika filamu ya 2014 Mzee Koffi alikuwepo, mwanajeshi mstaafu, mwenye kiburi kinachotosha, na anayekumbuka ukoloni. Bila yeye filamu ile ingekuwa kejeli tupu.

Dini yetu inasemaje? Mtume (SAW) alitania. Yamepokewa na Abu Dawud na Tirmidhi masimulizi ya mtu aliyekuja kuomba mnyama wa kupanda, akaambiwa atapewa mtoto wa ngamia. Yule bwana akashangaa atamfanyia nini mtoto wa ngamia, ndipo Mtume akamwonesha kwamba kila ngamia ni mtoto wa ngamia. Maswahaba walipomuuliza kama naye anawatania, alikubali, lakini akaeleza kwamba hasemi ila kweli. Na katika mapokezi mengine ameonya vikali juu ya mtu anayesema uongo ili watu wacheke. Kisha Allah (SW) katika Suratul Hujurat, aya ya 11, amekataza watu kuwadharau watu wengine, akatukumbusha kwamba huenda wanaodharauliwa ni bora kuliko wanaodharau, akakataza na kuitana kwa majina mabaya. Aya haikuanza na makafiri. Imewaita walioamini. Maana yake amri ile ni yetu kwanza, na mimi nasikitika kwamba tumezoea kuisoma tukiwaelekezea vidole wachoraji wa vibonzo wa Ulaya.

Ndiyo maana ninamwambia mpwa wangu na wenzake: kabla hujamaliza kununa kwa ajili ya Rachid, mtazame Charles.

Wazee wale walisema shida yao ni dini. Walimtaka mkwe Mkatoliki, na wakasema akipatikana mwenye kumwogopa Mungu kama wao, basi. Akaja, ana ubatizo wake na jina lake la Jenerali. Ikaonekana kwamba dini ilikuwa pazia, na nyuma yake imejificha rangi. Sijui onesho jingine katika sinema linalolifumua jambo hili kwa upole kama lile. Na baba wa Charles upande wa pili anafanya yaleyale kwa rangi nyingine. Wazee wawili wanaanza kusikilizana wakiwa wamekwenda kuvua samaki, na ulevi unawafikisha mpaka mahabusu. (Hapa shangazi alitikisa kichwa, akasema kupatana kwa pombe si kupatana. Sikubishana naye.)

Sasa tuje kwetu. Nimekuwa mshenga mara nyingi katika mji huu. Kuna posa moja ambayo siwezi kuisahau, na sitamtaja mtu. Mzee mmoja, mtu wa safu ya mbele msikitini, alikuwa akilalamika miaka yote kwamba vijana wa siku hizi hawaswali, na kwamba binti yake hatamtoa ila kwa mwenye dini. Allah akamletea kijana anayeswali, amehifadhi juzuu kadhaa, ana kazi ya halali, mtaa mzima unamshuhudia. Nikaenda na wazee wenzangu. Tukapokewa kwa kahawa na haluwa. Mzee akauliza jina la baba wa kijana, kisha la babu, kisha wanatoka wapi. Kwa jina la babu na jina la wilaya nikamwona anaweka kikombe chini taratibu. Akasema, "Mashaallah, kijana mzuri. Lakini sisi hatujawahi kuchanganya." Halafu akatania kabila la yule kijana, utani wa kucheka kabisa, na wenzangu wawili wakacheka kwa adabu. Kijana hakuwepo, alhamdulillahi.

Ule haukuwa utani, kwa sababu mlango ulikuwa umeshafungwa kabla hajaanza kucheka. Bwana Verneuil angalau alipoulizwa aliishiwa maneno. Mzee wetu hakuishiwa. Alikuwa na neno la fiqhi tayari: kafaa.

Neno hilo linastahili kuelezwa, maana linatumiwa sana na kueleweka kidogo. Kafaa ni kulingana kwa mume na mke. Ni kweli kwamba wanazuoni wa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu pwani, wameitaja nasaba miongoni mwa mambo ya kulingana. Imam Malik yeye aliweka uzito kwenye dini. Lakini hata kwa Mashafi kafaa ni haki ya mwanamke na walii wake ambayo wanaweza kuiachia, na ndoa ikasihi bila kasoro. Haikuwekwa iwe ukuta wa kabila. Na imethibiti katika Sahih Muslim kwamba Fatima bint Qays, mwanamke wa Kikureshi, alipoachwa na kuposwa na Muawiya na Abu Jahm, Mtume (SAW) alimwelekeza kwa Usama bin Zayd. Baba yake Usama alikuwa mtumwa aliyeachwa huru, na mama yake ni Ummu Ayman kutoka Uhabeshi. Fatima mwanzoni hakupenda. Aliolewa naye, na mwenyewe akasimulia baadaye kheri aliyoipata katika ndoa ile. Imam Shafi aliijua hadithi hiyo na kuitumia, kwa hiyo asijifiche mtu nyuma ya jina lake.

Upo na upande wa pili ambao filamu haiujui. Rachid, kwa fiqhi yetu, kuoa binti wa Kikristo aliyejihifadhi ni jambo ambalo Suratul Maida, aya ya 5, imeliruhusu, ingawa wanazuoni wengi wameichukia ndoa hiyo kwa kuwachelea watoto. Kwa Laure na Charles dini ilikuwa moja. Kwa hiyo kesi ngumu kidini ilikuwa ya binti wa kwanza, na kesi iliyowaumiza wazee zaidi ilikuwa ya binti wa nne. Shangazi alipoelewa hilo aliacha kucheka kidogo. Akaniuliza, "Na wewe, akija mtu wa bara kumposa binti yako, utamwambia nini?" Nikamwambia nitauliza swala yake na tabia yake. Akasema, "Tutaona."

Kijana niliyemposea hajaoa mpaka leo. Binti naye yuko kwao. Nilimwendea sheikh mmoja kumuuliza kuna njia gani, akanijibu kwamba walii akimzuia binti mtu mzima kuolewa na mume anayelingana naye na binti mwenyewe amemridhia, bila sababu ya kisheria, huko kunaitwa adhli, na uwalii huhamia kwa hakimu. Zanzibar na Kenya wana makadhi wanaotambuliwa na sheria za nchi, mtu anaweza kupeleka shauri. Huku kwetu bara mambo haya huishia kwa masheikh na wazee. Nimeomba tukutane tena na mzee yule baada ya Ijumaa ijayo, na safari hii sitakubali kuanza na kahawa.